Fritz Baumbach, Bingwa wa Dunia Aliyecheza kwa Stempu



Jioni hii nataka kumzungumzia bingwa wa dunia ambaye wengi wetu humu ukumbini hatujapata kumsikia. Si ajabu. Hakushangiliwa na uwanja uliofurika, na ushindi wake mkubwa kuliko wote ulimchukua miaka 6, akitumia kalamu, ubao wa sataranji na stempu. Anaitwa Fritz Baumbach. Alizaliwa Weimar, Ujerumani, Septemba 1935. Alisomea kemia hadi akapata shahada ya udaktari, na kazi yake ilikuwa ya hataza, yaani kushughulikia haki za wavumbuzi. Kati ya 1983 na 1989 alishiriki fainali ya 11 ya ubingwa wa dunia wa sataranji kwa barua, akawashinda wote.

Wapo wanaosikia habari ya sataranji kwa barua wakadhani ni kimbilio la waliochoka au walioshindwa kwingine. Niwatoe shaka mapema. Mwaka 1970 Baumbach alikuwa bingwa wa taifa wa Ujerumani Mashariki katika sataranji ya mezani, ile ya watu wawili kutazamana macho kwa macho huku saa ikila dakika zao. Alilijua joto lake. Barua aliichagua mwenyewe.

Tuanze na utaratibu, maana asiyeujua hawezi kuona ugumu wa alichokifanya. Katika fainali ya aina ile washiriki huwa kama 15 au 17, wametawanyika nchi mbalimbali, na kila mmoja hucheza na wote wengine kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mchezaji ana mapambano 14 au 16 yanayoendelea sambamba, kila moja limefika pahala pake. Moja liko kwenye ufunguzi, jingine limebaki na wafalme wawili na askari watatu, jingine mpinzani yuko kimya tangu mwezi uliopita. Ukipata kadi, unaandika tarehe uliyoipokea. Ukijibu, unaandika tarehe unayoituma, unarudia hatua ya mwenzio ili ajue umeielewa, kisha unaandika yako. Kwa kanuni za wakati huo kila mchezaji alikuwa na siku 30 za kufikiri kwa kila hatua 10. Siku ambazo kadi ilikuwa kwenye mfuko wa posta hazikuhesabiwa kwa yeyote. Ulipozuka ubishi kuhusu tarehe, muhuri wa posta ndio uliokuwa shahidi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme kadi inachukua siku 10 kwenda na nyingine 10 kurudi, na kila mchezaji anafikiri siku 3. Jozi moja ya hatua, yako na yake, imekula siku 26. Pambano la hatua 40, ambalo ni la kawaida kabisa, linafika siku 1,040, karibu miaka mitatu. Na hapo hakuna kadi iliyopotea, hakuna aliyeugua, hakuna posta iliyogoma. Ndiyo maana fainali hizi zilikuwa zikianza watoto wako darasa la kwanza na kumalizika wako sekondari. Wachezaji wengine walifariki katikati ya mashindano, na kanuni zilikuwa na kifungu cha kusema mapambano yao yahesabiweje.

Ili kuepuka kucheleweshwa zaidi, wachezaji walitumia ahadi zenye masharti. Unaandika hatua yako, kisha unaongeza kwamba mwenzio akijibu hivi, wewe utacheza vile, na akiendelea hivi, wewe vile tena. Kadi moja inaweza kubeba hatua tatu au nne. Ni faida, lakini ina hatari yake, kwa sababu ahadi ikishatumwa imetumwa, hata kama usiku huo umeota shimo lililomo ndani yake. Ubaoni ukiushika mkono wako kabla haujagusa kete umesalimika. Kadi ikishadondoka ndani ya sanduku la posta, hakuna wa kuirudisha.

Kisha kuna lugha. Mjerumani huandika kifupi cha farasi kwa herufi yake, Mrusi kwa alfabeti yake, Mwingereza kwa yake. Wachezaji wa barua wa kimataifa waliamua kutumia tarakimu peke yake. Safu zimehesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji wa kete nyeupe, na mistari 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda juu. Askari aliyesimama mbele ya mfalme akisogezwa nyumba mbili ni 52-54, kwa kuwa ametoka safu ya 5 mstari wa 2 akaenda safu ya 5 mstari wa 4. Mfalme anapojificha pembeni nyuma ya ngome yake, unaandika 51-71. Baumbach alipotoa kitabu chake cha mawaidha na visa vya sataranji ya barua, mwaka 1991, alikiita *52-54-Stop*, kama simu ya maandishi. Mchezaji yeyote wa barua, wa Moscow au wa Buenos Aires, angekisoma kichwa hicho bila kujua neno moja la Kijerumani.

Tarakimu hazina huruma. Ukikusudia 52-54 ukaandika 52-53, na hatua hiyo inaruhusiwa na sheria za mchezo, basi ndiyo uliyoicheza. Wapo mabingwa waliopoteza mapambano kwa kalamu tu, au kwa sababu walipanga kete vibaya kwenye ubao wao wa nyumbani na wakafikiri wiki nzima juu ya hali isiyokuwepo. Mchezaji makini alikuwa na jalada kwa kila mpinzani, na kabla ya kutia stempu alisoma kadi kama karani wa benki anavyosoma hundi.

Mezani, kufungua kitabu ni udanganyifu. Katika sataranji ya barua kufungua kitabu ni wajibu. Mchezaji anaruhusiwa kutafuta kila pambano lililowahi kuchapishwa linalofanana na lake, kulisoma, kulipinga, kutafuta pale ambapo wote waliopita walipitiwa. Hapa ndipo ninapoona kazi ya Baumbach ya mchana na shughuli yake ya usiku zikishikana mikono. Mtu wa hataza hukaa na maombi ya uvumbuzi akiuliza swali moja: je, jambo hili limeshafanywa na mwingine? Akipekua majalada ya miaka hamsini, anatenganisha kilicho kipya kweli na kilichobadilishwa nguo tu. Mchezaji wa barua hufanya hivyo hivyo na ufunguzi. Hahitaji kuwa na umeme kichwani wa kumwona mpinzani akitoka jasho na kumchomea hapo hapo. Anahitaji uvumilivu wa kupekua, na ujasiri wa kutoiamini hukumu ya vitabu pale vitabu vinaposema hali fulani ni sare. Haya ni maoni yangu, lakini sidhani niko mbali na ukweli ninaposema kwamba wengi waliofanikiwa katika mchezo huu walikuwa watu wa kazi za karatasi.

Sasa nchi yenyewe. Wale waliokulia Unguja wanaifahamu Ujerumani Mashariki kwa macho, kwa sababu majumba marefu ya Michenzani yalijengwa kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Ilikuwa nchi iliyopenda michezo kwa hesabu. Kila medali ilikuwa tangazo la kisiasa. Na kwa muda sataranji ilikuwemo katika matangazo hayo: mwaka 1960 mji wa Leipzig uliandaa Olimpiki ya Sataranji, wakaja akina Mikhail Tal na kijana Bobby Fischer wa Marekani. Lakini mwaka 1969 wakubwa wa michezo wakaamua kuelekeza fedha kwenye michezo iliyoleta medali za Olimpiki, kama riadha, kuogelea na makasia. Sataranji haikuwemo. Baada ya 1972 timu ya taifa ya wanaume haikuonekana katika Olimpiki ya Sataranji kwa miaka mingi. Wolfgang Uhlmann, mchezaji wao bora kuliko wote wa mezani, mtu aliyefika hadi hatua ya kuwania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia mwaka 1971, alibaki akicheza mashindano machache ya nje kuliko alivyostahili kwa uwezo wake.

Tazameni basi uzuri wa posta. Kumpeleka mchezaji Amerika ya Kusini kulihitaji pasipoti, ruhusa, fedha za kigeni na mtu wa kumchunga. Kuipeleka hatua yake kulihitaji stempu. Ndiyo maana nchi iliyowafungia wachezaji wake wa mezani iliweza, wakati huo huo, kuwa taifa kubwa la sataranji ya barua. Horst Rittner, mhariri wa miaka mingi wa jarida la sataranji la nchi hiyo, alikuwa bingwa wa dunia wa 6, katika fainali ya 1968 hadi 1971. Baumbach akafuata. Mabingwa wawili wa dunia kutoka nchi ya watu karibu milioni 17, ambao wengi wao hawakuruhusiwa kuvuka mpaka hadi wafikie umri wa kustaafu!

Mchezo wenyewe ulikuwa na mizizi Berlin kabla hata ya kugawanyika. Chama cha kimataifa cha kwanza cha sataranji ya barua, kilichoitwa IFSB kwa kifupi cha Kijerumani, kilianzishwa Berlin mwaka 1928, na mwaka uliofuata kikawa na jarida lake, *Fernschach*. Vita vilipoanza 1939 chama kikafa, na si kwa bahati mbaya: hakuna mkaguzi wa barua wa wakati wa vita atakayeiona kadi iliyojaa tarakimu, inayokwenda nchi ya adui, akaiacha ipite. Baada ya vita kazi ile ilichukuliwa hatimaye na ICCF, shirikisho lililoundwa mwaka 1951 na lililopo hadi leo.

Wakaguzi hawakwisha na vita. Stasi, wizara ya usalama wa taifa ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa na idara nzima, Idara M, ambayo shughuli yake ilikuwa kufungua barua za raia, kuzisoma na kuzifunga tena kana kwamba hazijaguswa. Kila siku maelfu ya barua zilipita mikononi mwao. Kadi ya sataranji haikuwa hata na bahasha ya kufungua. Ilikwenda wazi, mbele nyuma, na pamoja na tarakimu wachezaji walikuwa na mazoea ya kuandika salamu fupi: hali ya hewa, mjukuu amezaliwa, heri ya mwaka mpya. Urafiki wa miaka ukajengwa juu ya kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, na kila neno likiwa halali kusomwa na yeyote. Nadhani hilo nalo lilifundisha namna ya kuandika.

Sasa fikeni nami mwaka 1989. Fainali ya 11 inafungwa, Baumbach ni bingwa wa dunia. Mwaka ule ule, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ukafunguliwa, na tarehe 3 Oktoba 1990 nchi iliyomlea ikafutika kwenye ramani. Mtu wa kawaida alihangaika na ajira, kodi ya nyumba na fedha mpya. Mchezaji wa barua alikuwa na shida za ziada ambazo historia kubwa haziandiki. Stempu za zamani zikakosa thamani. Mitaa ya Berlin Mashariki iliyobeba majina ya viongozi wa chama ikabadilishwa majina. Kwa kuwa Ujerumani zote mbili zilikuwa na postikodi za tarakimu nne zilizogongana, watu waliagizwa kuweka herufi O mbele kwa mashariki na W kwa magharibi, kisha tarehe 1 Julai 1993 nchi nzima ikahamia postikodi mpya za tarakimu tano. Ukiwa na wapinzani katika mabara matatu, kila badiliko ni kadi za kuwajulisha wote, na kila kadi iliyorudi kwa kukosa anwani ni wiki zilizoliwa.

Na wakati nchi ikifutika, timu yake ilikuwa bado inacheza. Sataranji ya barua ina Olimpiki yake, ambapo mataifa hushindana kwa timu. Fainali ya Olimpiki ya 10 ilianza mwaka 1987, Ujerumani Mashariki ikiwemo, na Baumbach akiwa katika timu. Miaka mitatu baadaye hapakuwa na Ujerumani Mashariki. Desemba 1991 hapakuwa na Umoja wa Kisovyeti pia. ICCF ilikuwa na njia mbili: kuzifuta timu hizo, na hivyo kuharibu mapambano mengi ya wachezaji ambao hawakumkosea mtu, au kuziacha ziendelee kwa jina walilosajiliwa. Waliziacha. Kadi zikaendelea kwenda na kurudi kwa jina la dola ambazo hazikuwa tena na balozi, wimbo wala bendera mlingotini. Matokeo yalipokamilika mwaka 1995, dhahabu ilikwenda kwa Umoja wa Kisovyeti, na shaba ikaenda kwa Ujerumani Mashariki, miaka mitano baada ya nchi hiyo kuzikwa.

Watu hulisimulia tukio hili kama kichekesho, na mimi pia hucheka. Ila nadhani wanaocheka tu wanapitwa na jambo. Wakati ule Ujerumani ilikuwa katika zoezi kubwa la kuamua nini kilichofanyika mashariki kihesabiwe na nini kitupwe: vyeti, vyeo, viwanda, miaka ya utumishi. Mengi yalitupwa, mengine kwa haki, mengine kwa haraka. Katika pembe hii ndogo, isiyo na fedha wala televisheni, walishika kanuni ya kwamba pambano lililoanzishwa kwa makubaliano litamalizwa kwa makubaliano hayo hayo. Mrusi aliyemwandikia Mjerumani mwaka 1988 alimjibu mtu yule yule mwaka 1993. Aliyebadilika ni aliyechapisha stempu.

Baumbach mwenyewe hakubaki kuwa kumbukumbu ya nchi iliyokufa. Katika miaka ya 1990 aliingia kwenye uongozi wa chama cha sataranji ya barua cha Ujerumani iliyoungana, akawa rais wake kwa miaka mingi. Mtu wa mashariki kuongoza chama cha Wajerumani wote, wakati nyadhifa nyingi za nchi zilikuwa zikishikwa na watu wa magharibi, si jambo dogo. Alikuwa na sifa ambayo haikuhitaji kutafsiriwa wala kuhakikiwa na kamati, nayo ni orodha ya matokeo.

Lakini cheo hicho kilimpa kazi nyingine ambayo hakuna bingwa kabla yake aliyekabiliwa nayo: mashine. Hapa sina budi kumtaja mwana mwingine wa Berlin, Hans Berliner, aliyezaliwa huko 1929 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Marekani mwaka 1937. Berliner alikuwa bingwa wa dunia wa 5 wa sataranji ya barua, na ushindi wake ulitisha: mapambano 16, ushindi 12, sare 4, hakupoteza hata moja. Baadaye akawa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Mwaka 1979 programu yake ilimshinda bingwa wa dunia wa bakigamoni, na katika miaka ya 1980 alikuwa nyuma ya HiTech, mojawapo ya mashine kali za sataranji za wakati huo. Yaani mmoja wa mafundi wakubwa waliowahi kuucheza mchezo huu wa subira alitumia nusu ya pili ya maisha yake kutengeneza kitu ambacho kingeuondolea subira.

Baumbach alipoanza fainali yake 1983, kompyuta ya dukani haikuwa tishio kwa mchezaji wa kiwango chake. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa mezani. Barua pepe ikaja, kadi zikapungua, na mwaka 2004 ICCF ikawa na seva yake ambapo hatua inafika papo hapo na saa inahesabiwa bila muhuri wa posta. Mezani, kompyuta ni marufuku na mtu hupekuliwa mifuko. Katika sataranji ya barua hapakuwa na namna ya kumpekua mtu aliye sebuleni kwake, kwa hiyo ICCF imeiruhusu. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Fainali za miaka hii zimejaa sare, na ushindi katika pambano moja au mawili huweza kuamua nani ni bingwa wa dunia. Kuna wataalamu wanaosema bado kuna ufundi katika kuiongoza mashine, kuipeleka mahali isikokuwa na uhakika. Siwapingi. Ila sioni tena yule mtu wa majalada aliyenivutia.

Baumbach na wenzake waliandika pia kitabu kuhusu mashindano ya jubilei ya ICCF yaliyowakutanisha mabingwa wa dunia wa zamani, ili ijulikane nani bingwa wa mabingwa. Akashinda Mikhail Umansky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Ujerumani. Ni kitabu kizuri kwa anayetaka kuona kizazi kile kikishindana kwa mara ya mwisho kikiwa kimejaa.

Mimi hurudi zaidi kwenye mapambano ya wakati wa kadi, na sababu yangu si heshima kwa wazee. Ni makosa yaliyomo. Leo mtu akikosea, programu humwambia kabla hajanyanyua kidole. Wakati wa Baumbach mtu alikosea mwezi Machi, akakaa na amani yake, akaligundua kosa mwenyewe Aprili akiwa ananyoa ndevu, kisha akasubiri wiki tatu kujua kama mwenzake huko Leningrad naye ameliona. Mara nyingine mwenzake alikuwa hajaliona. Nina mapambano mawili ya namna hiyo kwenye karatasi mlizogawiwa, yameandikwa kwa tarakimu, na ubao uko pale mlangoni kwa atakayependa kuyafuatilia wakati wa chai.